Bomba Mbili ya Mzee Komba

Sijawahi kuwa mtu wa kukosea ngeli. Nimezaliwa Tanga, na nyumbani kwetu mtoto aliyesema "kiti imevunjika" aliambiwa atoke nje, apige hodi, aingie upya na aseme tena. Tabia hiyo nimekua nayo na nimezeeka nayo, na wanangu watakueleza walivyoichoka. Naitaja mapema kwa sababu mwaka ule nilioishi Songea, nikiwa na miaka ishirini na minne na shahada ya uhandisi wa maji niliyokuwa nikiwaonyesha watu bila kuombwa, tabia hiyo ilimchafulia jina mtu aliyenipa chumba, chakula na heshima. Habari za Songea nimezisimulia mara nyingi: baridi ya Juni, ukungu juu ya milima ya Matogoro, dagaa wa Nyasa. Hii sikuisimulia. Huenda ningekwenda nayo kaburini kama Skola asingenipigia simu mwezi uliopita nikiwa nachambua mchele. "Dada Zai," alisema, "Baba ametutoka." Kisha akaongeza, "Mama anasema usijisumbue, njia ni ndefu. Lakini mimi nasema uje." Nikauacha mchele kwenye ungo, nikaenda kutafuta tiketi ya basi.

Baba yake Skola alikuwa Mzee Komba, fundi wa bomba, na kwa kuwa watu hawaachi neno tamu lipite, mtaa mzima ulimwita Komba Bomba. Alikuwa fundi pekee wa mradi mdogo wa maji wa jumuiya. Maji yalitoka kwenye chemchemi juu kule Matogoro, yakaingia kwenye tangi la mawe, kisha yakateremka kwa bomba hadi kwenye vioski vya mtaa wa Bombambili, ambako kina mama walipanga ndoo tangu alfajiri. Pampu haikuwepo, maji yalishuka kwa uzito wake mwenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba vioski vya mwisho vilitoa maji kwa kudondosha, na kamati ya mradi haikujua kwa nini. Wafadhili walileta kompyuta, na baada ya kompyuta nikaletwa mimi, kujitolea kwa mwaka mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuliingiza bomba zima kwenye kompyuta. Unaipa urefu wa kila kipande, upana wake na kimo cha mahali kilipo, nayo inakuonyesha maji yatakavyokwenda, wapi presha itabaki na wapi itapotea. Leo vijana wanafanya hivyo kwenye simu. Wakati ule nilijiona nimeshika siri ya serikali.

Kamati haikuwa na nyumba ya kunipa, kwa hiyo Mzee Komba akanichukua kwake. Chumba nilichopewa kilikuwa cha Skola, ambaye tulikaribiana umri na alikuwa akijifunza cherehani. Yeye alihamia stoo, akalala kati ya magunia ya mahindi, na aliponiona naona haya akasema panya wa kule anawafahamu kwa majina. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja la mbao lililotazama mlima, na picha ya Bikira Maria ukutani. Mama Skola aliniuliza kama picha ile ingenisumbua nikiswali. Nikamwambia Bibi Mariamu na sisi tunamheshimu. Tangu siku hiyo akawa ananiamsha kwa swala ya alfajiri yeye mwenyewe, kwa kugonga ukuta na mwiko, na siku nikichelewa aligonga kwa hasira kama vile mimi ndiye mwanakwaya wake. Tulikula ugali, maharage na likolo, ndivyo walivyoita mboga za majani. Nyama ya nguruwe, ambayo mzee aliipenda kupita kiasi, haikuingia nyumba ile mwaka mzima. Mimi sikuomba hilo wala hakuna aliyeniambia. Nilikuja kujua siku niliyomsikia uani akimwambia jirani, "Sisi mwaka huu tumepewa Kwaresima ya miezi kumi na miwili." Wakacheka wote wawili.

Mzee Komba alikuwa mwembamba, mwenye kidole gumba cha mkono wa kulia kilichobonyea, na kidole hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Alikiweka kwenye mdomo wa bomba, akayaachia maji kidogo, akasema, "Hii ina nguvu ya kufika dirishani, haifiki paani." Mimi nilifunga kipimo changu chenye mshale, nikasoma, na mara nyingi nikakuta amepatia. Nilichokiita upotevu wa presha yeye alikiita maji kuchoka. "Maji yanasuguana na bomba njia nzima, Injinia. Bomba ikiwa nyembamba inayabana, yanachoka upesi. Yakikuta kona, yanachoka. Yanafika Bombambili hayana hata hamu ya kutoka."

"Likiwa jembamba, mzee," nilimsahihisha. "Bomba likiwa jembamba linayabana."

"Haya, likiwa jembamba," alisema. "Maji yenyewe hayajui."

Nilicheka, lakini niliendelea kumsahihisha. Nikifikiri sasa naona aibu hadi kwenye masikio. Mtu aliyelaza bomba lile kwa mikono yake, Kingoni kikiwa lugha ya mama yake na Kiswahili akiwa amekiokota shuleni na kazini, nilikuwa nikimrekebisha kama mtoto wa darasa la pili, na yeye akaniachia kwa upole ule ule aliowaachia kuku waliopanda mezani.

Mchoro wa bomba ulihifadhiwa ofisini, na nusu yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Kwa hiyo ilibidi tutembee njia nzima kwa miguu, yeye akisema na mimi nikiandika. Sehemu ya juu mchoro ulionyesha wazi: bomba la inchi nne, tangi mpaka barabara kuu. Tulipovuka barabara mchoro ukaishia kwenye tundu la mchwa. Mzee Komba akasimama, akanyoosha mkono kuelekea mjini, na akaanza kucheka kabla hajasema. "Kuanzia hapa mpaka kule kwenye ule mkaratusi, bomba mbili. Mbele ya hapo inarudi kama kawaida. Bomba mbili, Bombambili, umeona?" Nikacheka naye. Nilikuwa mgeni, na nilipenda kudhani nimepewa siri ya jina la mahali. Kwenye daftari nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, "Mabomba mawili sambamba, inchi nne." Zile inchi nne niliziongeza mwenyewe, kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa inchi nne. Na "bomba mbili" niliigeuza kimyakimya ikawa "mabomba mawili". Sikuuliza kitu. Nilidhani nimesikia kosa la sarufi, na kosa la sarufi mimi siliulizi, nalisahihisha.

Ofisi yetu ilikuwa chumba nyuma ya mashine ya kusaga, na kompyuta niliifunika kwa kanga ili unga usiingie. Umeme ulikuwa wa mgao, hivyo nilifanya kazi ulipokuja, wakati mwingine saa mbili tu kwa siku. Wiki ya tatu hesabu ikakamilika. Kwa mujibu wa kompyuta, maji ya kioski cha mwisho yalipaswa kuruka hadi paani. Kipimo changu pale pale kilionyesha presha ya kutia huruma. Mhandisi mwenye umri mkubwa kidogo angerudi kukagua alichoandika. Mimi nilianza kutafuta maji yaliyopotea. Nikaweka tundu kwenye bomba lile la kwenye kompyuta, chini ya barabara, nikalipanua kidogo kidogo mpaka hesabu ikalingana na kipimo. Karibu nusu ya maji ya tangi yalikuwa yakitokea pale. Nikaweka alama nyekundu. Karibu na alama ile palikuwa na wafyatua matofali, watu wanaohitaji maji mengi, na funguo za koki za eneo lote alikuwa nazo mtu mmoja.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, si mtu mbaya, ila alipenda mambo yaishe. Alilitazama lile chapisho langu lenye alama nyekundu, akasema mbele ya kamati nzima, "Kwa hiyo maji yanaibwa." Nikajibu, "Kompyuta inaonyesha yanatokea hapo." Sikusema yanaibwa. Nimejitetea kwa neno hilo miaka mingi, na ni utetezi wa kijinga.

Mzee Komba alivua kofia, akasimama. "Ndugu wajumbe, hapo maji yanachoka tu. Si nilimwambia Injinia? Hapo ni bomba mbili."

Wote wakanigeukia. "Ni kweli, mzee aliniambia," nikasema. "Na nimeandika hivyo."

"Imeingia kwenye mashine?" mzee akaniuliza.

"Imeingia."

"Na mashine bado inasema maji yanapotea?"

"Ndiyo, mzee."

Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu. Kisha akavaa kofia. "Basi sina la kuongeza," akasema, akaketi. Aliniamini. Alidhani kama jambo analolijua limeingia kwenye mashine na mashine imelikataa, basi huenda kweli kuna mtu anaiba na yeye fundi hajamwona. Walimnyang'anya funguo siku hiyo hiyo, wakamwambia akae nyumbani mpaka wachunguze.

Nyumbani ndiko nilikolala mimi pia. Hebu fikiria kula ugali kwenye sinia moja na mtu uliyemsimamisha kazi. Nilimwambia Mama Skola nitahama. "Utahamia wapi?" akauliza. "Wewe umefanya kazi yako. Nawa ule." Mzee alikaa uani akipukuchua mahindi, na alinitania kama kawaida, ila sasa alitania kwa sauti ya chini. Mama Skola alikuwa na presha ya kupanda, na wiki ile ikapanda vibaya. "Wewe unatafuta presha ya maji," mzee aliniambia tulipokuwa tukimpeleka zahanati, "mama yako hapa anayo ya kugawa." Skola alirudi kutoka kioskini siku moja na ndoo tupu. Kina mama walikuwa wamemwambia achote kwenye bomba la baba yake, si maji yote ni yake. Skola hakuniambia mimi. Alimwambia mama yake jikoni, nami nikayasikia kupitia ukuta ule ule uliokuwa ukigongwa kwa mwiko.

Kusikia huko ndiko kulikoniokoa, kama naweza kusema niliokoka. Jumapili moja mchana, shemeji yake mzee, mkulima wa tumbaku wa Namtumbo, alikuja kumpa pole. Walikaa uani chini ya dirisha langu, na mimi ndani nilikuwa nakunja nguo.

"Hebu nieleze, shemeji, ilikuwaje," mgeni akasema.

"Ni ile barabara," Mzee Komba akajibu. "Greda lilikata bomba nne yetu. Stoo hakuna bomba nne. Nikaweka bomba mbili, nikawaambia kamati hii ni ya muda tu. Ya muda hiyo mpaka leo. Maji yanapita pale kama mtu mnene mlangoni."

Nikaacha kukunja nguo. Bomba nne yetu. Hakusema zetu, alisema yetu. Na mabomba manne hayajawahi kulazwa njia ile. Hata mchoro ulioliwa na mchwa ulinionyesha bomba moja tu. Bomba nne ni bomba moja la inchi nne. Bomba mbili ni bomba moja la inchi mbili. Nilikaa juu ya kitanda na blauzi mkononi. Mzee alikuwa amesema sawasawa. Hiyo mbili yake ilikuwa kipimo, haikuwa na kosa lolote. Kosa nililitia mimi.

Kesho yake nilingoja umeme mpaka saa kumi. Nikafuta bomba moja, nikabadilisha nne ikawa mbili. Hesabu ya bomba haina huruma: ukipunguza upana kwa nusu, maji hayachoki mara mbili, yanachoka karibu mara thelathini. Nikaondoa ile alama nyekundu, na presha ya kioski cha mwisho ikaja vile vile kipimo kilivyosema. Siku iliyofuata nilimchukua Skola, tukapima kwa ndoo na saa maji yanayotoka tangini na yanayofika vioskini, jambo ambalo ningelifanya mwanzo ningekuwa na akili. Hakuna kilichokuwa kinapotea njiani isipokuwa nguvu.

Nilimwambia mzee wakati wa chakula. "Nilikosea, baba. Uliposema bomba mbili niliandika mabomba mawili." Alirudisha tonge siniani, akaanza kucheka mpaka akakohoa na Mama Skola akampiga mgongoni. "Kumbe!" alisema. "Kumbe mimi nimefukuzwa na Kiswahili!" Alicheka kwa muda mrefu, na mimi nililia, na Skola akasema nyumba hii ina vichaa. Alipotulia alifuta macho, akaniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida. "Na wale wa kioskini utawaambia?"

"Nitawaambia, baba."

Mwenyekiti alinipokea kwa furaha. Afadhali, alisema, basi tumrudishie funguo zake, tutafute bomba la inchi nne, yaishe. Mkutano wa nini tena? Wafadhili wakisikia kompyuta imekosea watatuonaje? Na barua yangu ya sifa alikuwa ameshaiandika, imebaki mhuri. Niliitazama ile barua juu ya meza. Nilikuwa nimeomba kazi Dodoma na walikuwa wakiingoja. Nikasema sawa, mwalimu. Wiki mbili baadaye nilipanda basi, nikiwa na barua kwenye bahasha na mahindi mabichi ya Mama Skola kwenye kikapu. Mzee Komba alinisindikiza akiwa na funguo zake kiunoni. Hakuniuliza kama nimewaambia. Vioski tulivipita kwa miguu, na wanawake walinisalimia mimi.

Kazi ile ya Dodoma ilinizalia kazi nyingine, na hizo zikanizalia maisha. Nimekuwa mtu wa kuaminiwa. Watu wananiita kukagua hesabu za wenzao. Mzee Komba alikuwa akinipigia simu kila Krismasi na kila Idi, na swali lake lilikuwa lile lile, "Vipi, maji ya huko yanachoka?" Kila mara nilipokata simu nilisema mwaka huu nitakwenda. Miaka ikapita. Ya muda hiyo mpaka leo, kama alivyosema mwenyewe.

Nilifika Songea asubuhi ya mazishi. Mama Skola, sasa mdogo kama mtoto ndani ya kanga zake, alinishika mikono yote miwili. Walinipa chumba kile kile nibadilishe nguo. Bikira Maria bado alikuwepo, amefifia rangi ya buluu. Kupitia dirisha niliwasikia wanawake wawili wakimenya viazi uani. "Marehemu alikuwa mtu wa watu," mmoja alisema. Mwingine akaguna. "Kweli. Ila yale ya maji, Mungu amsamehe." "Ah," mwenzake akajibu, "nani hana lake." Wakaendelea kumenya. Sauti zao zilikuwa za vijana. Hata hawakuwepo wakati ule. Walikuwa wameirithi habari ile, kama jina la mtaa.

Skola aliingia na karatasi ya daftari. "Dada Zai, huu ndio wasifu wa Baba. Katekista atausoma, ila wewe ndiye mwenye Kiswahili, hebu upitie." Niliupitia. Alizaliwa, alisoma, alifunga ndoa. "Alilaza bomba nne kutoka Matogoro mpaka Bombambili." Kalamu nilikuwa nayo. Sikusahihisha kitu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, niache niusome mimi."

Niliusoma uani mbele ya jeneza. Nilipofika kwenye sentensi ile nikaishusha karatasi. Nikawaambia mimi ndiye yule injinia. Nikawaambia Mzee Komba alisema bomba mbili, na mimi kwa kujiona nakijua Kiswahili nikaandika mabomba mawili, na kwa kosa hilo nikasababisha aitwe mwizi. Hakuiba hata ndoo. Nililijua hilo kabla sijaondoka, nilimwahidi kuwaambia, na sikuwaambia kwa sababu nilitaka barua. Kisha mzee mmoja nyuma, ambaye mikono yake ilionyesha ni fundi, akasema kwa sauti, "Bomba mbili! Jamani! Bomba mbili!" akaanza kucheka, machozi yakimtoka, na kicheko kikatembea uani mtu kwa mtu, watu wakielezana. Wale wanawake wawili wa viazi hawakucheka. Mmoja alijifunika mdomo kwa kanga. Mama Skola alinivuta nikae naye mkekani. "Umechelewa," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Kaa hapa hapa," na hakuniachia mkono mpaka tulipokwenda kuzika.

Baada ya mazishi katekista, kijana mwenye miwani ambaye alikuwa ametutangulia makaburini, alinifuata kuchukua ile karatasi iwekwe kwenye kumbukumbu za kigango. Aliisoma amesimama, akakunja uso. "Mama, samahani, hapa pana kosa dogo. 'Alilaza bomba nne.' Si iwe mabomba manne?" Tayari alikuwa ameitoa kalamu mfukoni. Nikamshika mkono.

"Acha hivyo hivyo, mwanangu," nikamwambia. "Hiyo ni bomba moja."